Sayansi ya Kompyuta au Uhandisi wa Kompyuta? Swali la Nyanda za Chai

Katika vituo vya kununulia majani chai vilivyotapakaa kati ya Litein na Mogogosiek, karani hasomi tena mshale wa mizani ya saa. Hutundika gunia kwenye mizani ya kielektroniki, husubiri namba zitulie, na kifaa alichoshika mkononi huzipokea kilo hizo bila waya. Mkulima hutaja namba yake, kichapishi kidogo kinatema risiti, naye anaikunja na kuitia mfukoni. Kabla ya usiku kuingia kilo zile zimeshaandikwa kwenye kumbukumbu za kiwanda. Mwisho wa mwezi zinageuka malipo, na Oktoba zinageuka bonasi.

Ukiifuatilia safari ya kilo moja tu utaona mpaka wa shahada mbili zinazowatatiza wazazi wengi wa Kericho na Bomet. Kutoka gunia hadi namba, kazi ni ya uhandisi wa kompyuta. Ndani ya mizani kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno kikibebeshwa mzigo. Kikipinda, umeme unaopita juu yake hubadilika. Saketi inayakuza mabadiliko hayo, inayageuza kuwa tarakimu, na yote hayo lazima yafanyike kwa betri, kwenye mvua ya alasiri, mikononi mwa watu wenye haraka. Kutoka namba kwenda mbele, kazi ni ya sayansi ya kompyuta. Namba hii ni ya nani? Mtandao ukikatika itahifadhiwa wapi? Ikifika mara mbili, mfumo utajuaje kwamba ni gunia lile lile? Nani ana ruhusa ya kuirekebisha, na akiirekebisha, alama yake itabaki?

Mkulima akilalamika kwamba kilo zake zimepungua, kosa laweza kuwa upande wowote. Huenda mizani haijasawazishwa muda mrefu. Huenda rekodi iliguswa baada ya karani kuondoka. Anayejua upande mmoja tu atalitafuta kosa pale anapopajua.

Kila mara matokeo ya KCSE yakitangazwa swali hupanda na kushuka vilima hivi: mtoto ana gredi nzuri, anapenda kompyuta, sasa ajaze ipi? Mzazi humwendea mwalimu aliye jirani. “Mwalimu, si hii ya uinjinia ndiyo kubwa?” Mwalimu naye, aliyesomea Historia na Kiswahili, hujibu kwa adabu, “Mzee, zote ni nzuri.” Jibu hilo lina heshima lakini halimsaidii mtu. Si nzuri sawasawa, wala si nzuri kwa mtoto yule yule.

Fani hizi zina koo tofauti. Sayansi ya kompyuta ilizaliwa upande wa hisabati: Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutoa diploma yake mwaka 1953 katika idara iliyoitwa Maabara ya Hisabati, na Purdue ya Marekani ikafungua idara kamili mwaka 1962. Uhandisi wa kompyuta ulichelewa, na ulitoka kwa wahandisi wa umeme. Kozi ya kwanza ya Marekani kupata ithibati kwa jina hilo ilikuwa ya Case Western Reserve, mwaka 1971. Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta tangu 1977. Upande wa uhandisi, JKUAT pale Juja, chuo kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, hufundisha uhandisi wa elektroniki na kompyuta katika shahada moja, ilhali Nairobi anayetaka saketi hupitia uhandisi wa umeme na elektroniki. Makerere wamezitenga kabisa: sayansi iko katika chuo cha kompyuta, uhandisi katika chuo cha uhandisi na usanifu. Dar es Salaam wameziweka nyumba moja, Kijitonyama, na kozi yao ya uhandisi wa kompyuta inabeba pia teknolojia ya habari katika jina lake.

Ndiyo maana jina la kozi peke yake halitoshi. Mwaka 2005 vyama vya kimataifa vya wanataaluma, ACM na IEEE vikiwamo, vilizigawa fani za kompyuta katika matawi matano, na vyuo vyetu vimeongeza majina mengine juu ya hayo. Mtoto anayetaka kujua anachojaza aombe orodha ya masomo ya miaka yote, aisome mstari kwa mstari. Akiona miundo ya data, algorithimu, hifadhidata, mifumo ya uendeshaji, nadharia ya ukokotoaji na hisabati ya namba kamili, hiyo ni sayansi ya kompyuta. Akiona saketi, elektroniki, mawimbi na ishara, udhibiti wa mitambo, vichakata vidogo, na mwaka wa kwanza wenye uchoraji wa kihandisi na karakana ya vyuma, basi hiyo ni uhandisi. Katikati kuna eneo pana la pamoja: zote mbili hufundisha kuandika programu, mitandao, na namna kompyuta inavyopangwa ndani. Wahitimu wa pande zote mbili hukutana kazini wakifanya kazi ile ile, jambo ambalo vijitabu vya vyuo havipendi kulisema.

Kinachowatenganisha kwanza ni Fizikia. Katika mfumo wa 8-4-4 mwanafunzi huchagua masomo yake akiingia kidato cha tatu, na Fizikia ndiyo inayokimbiwa, hasa katika shule ambazo maabara ni chumba chenye kufuli na mwalimu wa somo ni mmoja. Wasichana ndio walioumia zaidi kwa hili. Uhandisi hauna huruma hapa: unataka Hisabati, Fizikia na Kemia kwa pamoja. Sayansi ya kompyuta nayo inataka Hisabati yenye nguvu, lakini mlango wake ni mpana kidogo. Kwa hiyo maelfu ya vijana wanaodhani wanachagua baada ya KCSE walishachagua wakiwa na miaka 16, bila kujua, walipoitupa Fizikia ili kuokoa wastani wa gredi.

Mfumo mpya unaiwahisha zaidi siku hiyo ya kuchagua. Kundi la kwanza la elimu ya umilisi limeingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na kila mwanafunzi ameingia akiwa katika mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Hisabati yenyewe imegawanywa mara mbili, ile nzito ya mkondo wa sayansi na ile nyepesi ya wengine. KCSE ya mwisho itafanywa mwaka 2027. Maana yake ni kwamba mtoto wa Sotik au Londiani aliye Gredi ya 9 sasa hivi, ambaye hajawahi kuiona saketi, anaufunga au kuuacha wazi mlango wa shahada zote hizi mbili. Mzazi anayengoja hadi fomu za KUCCPS za kuomba nafasi chuoni ndipo aanze kuuliza atakuwa amechelewa.

Baada ya Fizikia inakuja hesabu ya miaka na fedha, nayo wakulima wa chai huielewa haraka kuliko maprofesa. Sayansi ya kompyuta ni miaka minne. Uhandisi ni mitano. Mwaka wa tano una karo, una chumba, una chakula, na juu ya yote una mshahara ambao mwenzake wa sayansi ameshaanza kuupokea. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, uliopingwa mahakamani na kurekebishwa, fedha zimefungamanishwa na gharama ya kozi yenyewe na hali ya familia, si karo moja kwa wote kama zamani. Uhandisi una maabara na karakana, kwa hiyo ni ghali. Familia inayolipa kwa majani haina kipato cha kutegemewa hivyo: bonasi za magharibi mwa Bonde la Ufa zimekuwa zikibaki nyuma ya zile za mashariki, na Oktoba 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipiga kelele hadharani. Mwaka wa tano unaweza kumkuta mzazi katika bonasi mbaya. Si sababu ya kuukimbia uhandisi, ila ni sababu ya kupiga hesabu ya miaka mitano tangu siku ya kwanza, pamoja na kukadiria mkopo wa HELB utakaosubiri kulipwa baadaye.

Sasa leseni, jambo ambalo ningeomba kila mzazi alisome mara mbili. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, huwi mhandisi kwa kuvaa joho. Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, ndiyo inayomsajili mtu, kwanza kama mhandisi mhitimu, na baada ya angalau miaka mitatu ya kazi chini ya uangalizi anaweza kuomba usajili kamili wa kitaaluma. Kujiita mhandisi bila kusajiliwa ni kosa kisheria. Nafasi za uhandisi serikalini na katika mashirika ya umma huutaja usajili huo kama sharti. Na bodi humsajili yule tu ambaye kozi yake imeidhinishwa.

Hapo ndipo vijana walipoungulia. Kwa miaka mingi bodi na vyuo vikuu vilivutana juu ya nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi, na waliokuwa katikati ni wanafunzi. Wahitimu zaidi ya 100 walionyimwa usajili, ingawa walikuwa na shahada zao halali mkononi, walikwenda mahakamani, na kesi yao ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Fikiria uzito wake: umesoma miaka mitano, umefaulu, halafu maisha yako ya kazi yanaanza kwa kumtafuta wakili. Uhandisi wa kompyuta uko hatarini zaidi kuliko ule wa ujenzi au wa mitambo, kwa sababu ni fani changa na vyuo huipa majina ya kila namna. Kozi yenye neno uhandisi kwenye jina lake yaweza kuwa haimo katika orodha ya bodi.

Sayansi ya kompyuta haina lango la namna hiyo. Kumekuwa na juhudi za kulijenga: muswada wa kuwasajili wataalamu wa TEHAMA uliletwa Bungeni mwaka 2016, ukarudi 2020, na mara zote vijana wa teknolojia waliupinga vikali wakisema ungewafungia nje mafundi waliojifunza wenyewe. Kwa hiyo mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta hana leseni ya kumkinga, wala hana leseni ya kumzuia. Anashindana na kila mtu: mwenye shahada ya hisabati, aliyesoma miezi michache Moringa School, na kijana wa Kapsoit aliyejifundisha kwa simu. Kwa mwenye bidii huo ni uhuru. Kwa anayetegemea cheti kimfungulie mlango, ni upweke mkubwa.

Ajira zimesimama upande gani? Nairobi jibu ni wazi: upande wa programu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 na iHub ifungue milango 2010, fedha na nafasi nyingi zimekwenda kwa waandishi wa programu za malipo, mikopo, biashara na usafiri. Hata huko si salama. Andela, iliyojijengea jina kwa kuwafunza vijana na kuwaunganisha na kampuni za Marekani, iliwaachisha kazi mamia ya waanzaji wake Kenya, Uganda na Nigeria mwaka 2019, kwa maelezo kwamba soko lilitaka wenye uzoefu. Hilo lilitokea kabla ya akili mnemba kuanza kuandika programu za waanzaji kwa sekunde chache.

Upande wa vifaa una habari za kutia moyo na watu wachache. Chuo Kikuu cha Nairobi kilirusha setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, mwaka 2018 kwa kushirikiana na Wajapani. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Nyeri, katika eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayofanya kazi ya chipu, kitu ambacho miaka 20 iliyopita ungechekwa kukitaja. Athi River kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Oktoba 2023. Lakini tusijidanganye: kuunganisha si kubuni. Kiwanda cha kuunganisha simu kinahitaji wafanyakazi wengi wa mstari na wahandisi wachache. Anayeingia uhandisi wa kompyuta kwa kuamini kwamba Kenya inabuni simu atamaliza mwaka wa tano akiwa ameudhika.

Na hapa nyumbani? Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na Bomet kuna chuo kishiriki cha Moi tangu 2017, hivyo elimu ya juu haiko mbali tena kama ilivyokuwa kwa wazazi wetu. Kazi za kompyuta zilizopo hapa ziko katika serikali za kaunti mbili, hospitali za Tenwek, Longisa, Litein na Kericho, benki, na vyama vya akiba kama Imarisha Sacco ambavyo vinaendeshwa kwa mifumo ya kompyuta kuanzia akaunti hadi mkopo wa simu. Karibu zote hizo ni kazi za programu, data, mitandao na usalama. Hata mnada wa chai wa Mombasa, uliozoeleka kwa kelele na nyundo, ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki mwaka 2020. Kwa kuhesabu meza za ofisi peke yake, sayansi ya kompyuta inashinda kaunti hizi bila ubishi.

Ila Kericho na Bomet haziishi kwa meza za ofisi. Ingia kiwandani. Majani hulazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, feni zikivuma chini yake. Yakishalegea hupita katika mashine za CTC, ambazo roli zake zenye meno huyakata, kuyararua na kuyaviringa. Huachwa yachachuke hadi yageuke rangi ya shaba. Kisha huingia kwenye kikaushio kinachoyashusha hadi unyevu wa takriban asilimia 3. Kilo nne na kitu za majani mabichi zinatoka kilo moja ya chai. Kila hatua ina joto lake, hewa yake na muda wake. Fundi wa zamani hunusa na kugusa, na pua yake bado ina thamani, lakini pembeni yake siku hizi kuna vihisi, vidhibiti na mota zinazobadilishwa kasi kwa amri ya kompyuta. Hapo ndipo nyumbani kwa mhandisi wa kompyuta, awe anajua au hajui. Kikaushio kikigoma saa nane usiku katika msimu wa mvua, majani yaliyokwisha kukatwa hayasubiri asubuhi.

Nje ya kiwanda pia mashine zimeingia, na si kwa amani. Mei 2023 vijana waliziteketeza mashine za kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Mtu aliuawa katika vurugu hizo. Mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi, na hasira ile haikuwa ya kipuuzi. Mchumaji aliyepoteza kazi hakupewa kiti cha kuendeshea mashine. Mashamba hayo yenyewe yamekwisha kubadilisha wamiliki tangu hapo, yale ya James Finlay na sehemu kubwa ya yaliyokuwa ya Unilever yakienda kwa Browns ya Sri Lanka, na mashine hazijarudi nyuma. Mimi naliona swali moja ambalo halikuulizwa vya kutosha katika mikutano ya wakati ule: nani anazibuni, nani anazikarabati, na kwa nini si watu wa hapa? Mashine ya kuchuma inayojua kuchagua majani mawili na kichipukizi kwenye mteremko wa Kipsigis bado haijapata mtu wa kuibuni vizuri. Huyo atahitaji macho ya kamera, mota, betri na uamuzi wa haraka ndani ya kifaa kidogo, na hayo ni masomo ya uhandisi wa kompyuta yenyewe. Sisemi kwamba ajira hiyo ipo leo. Kwa leo haipo. Ni kazi ambayo mwenye nayo atalazimika kuianzisha.

Kutokana na hayo nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko orodha za mishahara. Shahada ikupe kile ambacho huwezi kujipatia mwenyewe. Sehemu kubwa ya sayansi ya kompyuta yaweza kusomwa ukiwa Roret na kompyuta ya mtumba na intaneti ya simu. Vitabu, mihadhara na mazoezi vimejaa bure. Kinachobaki ni nadharia nzito ambayo wachache huisoma bila kusukumwa, na kusukumwa ndiko chuo kinakokuuzia. Elektroniki haiko hivyo. Haiwezekani kujifunza kupima mawimbi ya saketi bila oskiloskopu, wala kuunda bodi bila benchi, vipuri na mtu aliyeunguza chipu kabla yako. Kwa kipimo hicho uhandisi ni ununuzi bora, kwa sharti kwamba benchi ipo kweli.

Sharti hilo ni zito. Kuna maabara zenye vifaa vizuri ambavyo wanafunzi huviona mara moja kwa muhula, kumi na tano wakizunguka kifaa kimoja, mmoja akigusa na wengine wakinakili majibu. Mtoto aliyehitimu hivyo amelipa mwaka wa ziada kwa nadharia. Usimuulize mkuu wa idara. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka kijiji chenu na umuulize mambo mawili tu: mko wangapi kwa benchi moja, na ni kitu gani umekiunda kwa mikono yako kikafanya kazi? Akinyamaza, umeshajibiwa.

Kuna wanaosema akili mnemba itaua sayansi ya kompyuta na kuuacha uhandisi. Sikubaliani nao. Takwimu za Marekani za mwaka 2023 zilizochapishwa na Federal Reserve Bank of New York zilionyesha wahitimu wapya wa uhandisi wa kompyuta wakiwa na ukosefu wa kazi wa asilimia 7.5, na wale wa sayansi ya kompyuta asilimia 6.1. Marekani si Kenya, lakini tofauti hiyo inatosha kumtoa mtu usingizini: kuuchagua uhandisi hakukufichi soko likibadilika. Kinachokufa pande zote ni kazi ya kunakili. Anayejua kwa nini rekodi ya kilo ilifika mara mbili atabaki kuhitajika, na anayejua kwa nini mizani inasoma vibaya asubuhi yenye baridi atabaki pia.

Nimesema juu ya kikaushio kinachogoma usiku. Anayeitwa saa hiyo, mara nyingi, hana shahada yoyote kati ya hizi. Ni fundi wa umeme na vyombo vya kupimia aliyetoka chuo cha ufundi, Bureti kwa upande wa Kericho au Sot kwa upande wa Bomet, kwa diploma inayokubali gredi ya C-. Njia hii hudharauliwa mno katika familia zetu, kiasi kwamba mtoto mwenye mikono ya fundi husukumwa kwenda kupata shahada ya chini mradi iitwe shahada. Mwenye diploma ya ufundi anayejua vidhibiti vya viwanda anaweza kuendelea hadi shahada ya uhandisi baadaye, akiwa ameshaona mashine inavyokufa na inavyofufuliwa. Kwa mtoto aliyekosa alama za uhandisi kwa tundu la sindano lakini anapenda vifaa, naona diploma hiyo ni bora kuliko kuingia sayansi ya kompyuta kwa kinyongo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na wapo vijana ambao wangefika popote kwa jembe lolote. Hao hawahitaji makala. Nazungumza na wale wengine, walio wengi, ambao chaguo baya litawagharimu miaka na ng'ombe.

Kwao uamuzi wangu ni huu. Ikiwa mtoto alikuwa na Fizikia na aliipenda, si kuivumilia tu; ikiwa hufungua redio mbovu kabla ya kufungua kompyuta; ikiwa familia imepiga hesabu ya miaka mitano na si minne; na ikiwa chuo kina benchi zinazofanya kazi, basi achukue uhandisi, naye ajifundishe programu jioni, kwa sababu soko litamuuliza. Likikosekana moja kati ya hayo, achukue sayansi ya kompyuta, asiogope nadharia, na anunue kidhibiti kidogo cha bei nafuu cha kuchezea ili asiwe mgeni wa vifaa. Asichague uhandisi kwa ajili ya cheo cha kuitwa injinia kwenye harambee. Cheo hicho hutolewa na bodi, na bodi haijui harambee.

Kwa hiyo mzazi, kabla mtoto hajabonyeza chaguo lake kwenye tovuti ya KUCCPS, kaeni pamoja mfungue orodha ya EBK. Mtafute jina la kozi na jina la chuo, yote mawili kwenye mstari mmoja. Kama kozi hiyo ya uhandisi haimo, iacheni, hata kama kipeperushi chake kinapendeza.